Kwa nini nimetundika bundi sebuleni: barua kwa mwanangu

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mwanzoni unacheka, kisha sauti inabadilika: "Mama, huyo nyuma yako ukutani si bundi? Miaka yote tunaongea kwa video sijamwona vizuri mpaka leo ulipowasha taa. Unamwekaje bundi ndani ya nyumba unayolala? Bibi angesemaje?" Halafu ukaniomba nikujibu kwa kuandika, kwa sababu kwenye simu nikiulizwa jambo zito huwa nageuza maneno. Ni kweli, nageuza. Leo ni Jumapili na zamu yangu ni kesho usiku, basi nimekaa kitako nikueleze.

Bibi angesemaje ninajua. Nilikuwa binti mdogo pale Pangani, usiku mmoja bundi akatua kwenye mwembe wa uani akaanza kulia. Bibi yako alitoka jikoni na kijinga cha moto, akamwambia: "Kama una neno lako, lirudishe ulikolitoa." Asubuhi kabla hata ya chai akatuma mtu akaulize hali ya mjomba aliyekuwa anaumwa ng'ambo ya mto. Hofu hiyo nimekua nayo, na wewe umekua nayo, wala siidharau.

Bundi huyu lakini si wa mwembe ule. Ni ukurasa wa kalenda, hauna thamani dukani, na kona yake ya chini ina doa la chai nililolimwagia mwenyewe. Michoro ya huko alikotoka huchapwa kwenye kalenda kila mwaka. Mara nyingine ukipiga video nitaisogeza simu karibu umtazame. Ana macho mawili ya duara yanayokukazia, na kutoka kichwani manyoya yake yametawanyika marefu pande zote kama makuti ya mnazi yanapopigwa na kusi. Mkia umepinda kwenda juu. Aliyemchora anaitwa Kenojuak Ashevak, mwanamke wa Kiinuit, watu wa asili wa kaskazini mwa Kanada. Aliyenipa ukurasa ule ni mgonjwa wangu, bibi mzee wa mji uleule wa Kenojuak. Jina la mgonjwa sitaliandika, sheria ya kazi yetu hairuhusu, na hata ingeruhusu nisingeliandika.

Ilikuwa Februari 2013. Nilikuwa na miaka mitano tu hapa Ottawa, na wewe ulikuwa na kumi na nne, uko na bibi yako. Watu wa Kisiwa cha Baffin, kaskazini kabisa mwa Kanada, wakizidiwa na ugonjwa huletwa huku kwa ndege. Kutoka Iqaluit, mji mkuu wa eneo la Nunavut, ni karibu saa tatu angani, na bibi huyu alikuwa ametoka mbele zaidi, Kinngait, ambako wakati ule kwenye ramani paliandikwa Cape Dorset. Ni mji wa watu kama 1,400. Alikuwa haongei Kiingereza. Mkalimani alikuja saa za madaktari, akaondoka, tukabaki wawili.

Siku ya kwanza nilimuuliza kwa ishara kama anataka maji. Akainua nyusi. Nikadhani ameshangaa, nikauliza tena. Akainua nyusi tena, safari hii na macho akayakodoa. Nilizunguka chumba kizima nikitafuta kilichomshtua. Ni mkalimani aliyeniambia siku ya pili kwamba kwao kuinua nyusi ni "ndiyo" na kukunja pua ni "hapana". Bibi wa watu alikuwa amekaa na kiu huku ananijibu! Nilimwomba radhi. Akainua nyusi, tukaanzia hapo.

Kitandani mwake alikuwa na mfuko wenye vitu vichache: kisu chao cha wanawake kinachoitwa ulu, chenye makali ya umbo la nusu mwezi, ambacho wauguzi walikichukua wakamtunzia, picha za wajukuu, na kalenda. Kenojuak alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla, tarehe 8 Januari, akiwa na miaka 85, nyumbani kwake. Bibi alikuwa bado na msiba. Kwa siku kumi na mbili alizokaa nasi, kila mkalimani alipokuwa na nafasi, alinisimulia habari za mwenzake huyo. Nilivyovisikia kwake na nilivyovisoma baadaye nimevichanganya, nakuandikia vyote pamoja.

Kenojuak alizaliwa mwaka 1927 kwenye kambi iitwayo Ikirasaq, ndani ya iglu, nyumba ya matofali ya theluji. Usifikiri ni baridi tupu. Ndani kulikuwa na qulliq, taa ya jiwe iliyochongwa kama bakuli la nusu mwezi, inawaka kwa mafuta ya sili, mnyama wa baharini, na utambi wake umepangwa ukingoni kama mstari. Kuitunza taa hiyo ilikuwa kazi ya mwanamke: inamulika, inapika, inakausha viatu, inayeyusha theluji ya kunywa. Bibi alinionyesha kwa kidole juu ya shuka jinsi utambi unavyosukumwa kidogo kidogo ili moto usitoe moshi. Alisukuma shuka ile kwa dakika nzima, polepole, nami nikaona kabisa kwamba moto anauona.

Waliishi kwa kuhama. Kulungu wa kaskazini, ambao wao huwaita tuktu, walikuwa nyama, nguo na uzi. Sili alikuwa mafuta, chakula cha mbwa na ngozi ya kufanyia biashara. Baba yake Kenojuak alikuwa mwindaji, na alikuwa mganga pia, mtu wa kuheshimiwa. Wakati huo dini mpya ilikuwa imeingia, na akawa na mgogoro na baadhi ya walioishika. Mwaka 1933 akauawa. Mtoto alikuwa hajafikisha miaka saba. Maisha yake yote Kenojuak alimkumbuka baba yake kama mtu mwema na mpole, na mimi nachukua neno la mtoto wake kuliko la mwingine yeyote.

Baada ya hapo alilelewa kwa bibi yake mzaa mama. Ndiyo, mwanangu, kwa bibi, kama wewe. Bibi huyo alimfundisha kutengeneza ngozi za sili kwa ajili ya biashara na kampuni ya Hudson's Bay, na kushona nguo zisizopitisha maji kwa uzi wa mishipa ya tuktu. Uzi ule ukilowa unavimba na kuziba tundu la sindano. Ukikosea kushona, mwindaji anarudi na miguu iliyoganda, au harudi.

Akiwa na miaka 19 mama yake na baba wa kambo walimchagulia mume, Johnniebo. Yeye hakumtaka. Kila alipomsogelea alimrushia vijiwe! Bibi yangu wa kitandani aliposimulia hili alicheka mpaka akakohoa, nikalazimika kumuinua mgongo. Taratibu akampenda, kwa sababu alikuwa mtu laini, na baadaye mume naye akawa mchoraji wakikaa wawili mezani.

Sasa nafika pale ambapo huwa nageuza maneno.

Miaka ya 1950 kifua kikuu kilikuwa kimewaingia Wainuit vibaya sana. Serikali ilipeleka wauguzi na mashine za eksirei, na kulikuwa na meli iliyoitwa C.D. Howe iliyopita kijiji hadi kijiji. Watu walipanda melini wakapigwa picha ya kifua, na aliyekutwa na ugonjwa mara nyingi hakuruhusiwa kushuka hata kuaga. Kufikia mwaka 1956 karibu mtu mmoja kati ya kila saba wa Wainuit alikuwa kwenye hospitali za kusini. Hebu chukua mtaa wetu uhesabu mmoja kila baada ya sita. Ni mama wa nyumba gani angebaki?

Kenojuak alikutwa na ugonjwa. Mwanzoni mwa 1952 akapelekwa Quebec City bila ridhaa yake, mji wa Kifaransa, yeye anayejua Kiinuktitut tu, lugha ya kwao. Alikuwa ametoka kujifungua. Mtoto mchanga alichukuliwa na jirani akamlea. Alikaa hospitalini zaidi ya miaka mitatu, hadi kiangazi cha 1955, na katika muda huo watoto wake kadhaa wakafa kule nyumbani. Katika maisha yake alizaa watoto 11 na wa kulea watano, na saba katika aliowazaa walikufa wadogo.

Nisome vizuri hapa. Sijilinganishi naye. Mimi hakuna aliyenichukua. Mwaka 2008 nilipanda ndege kwa miguu yangu, na pasi yangu mkononi, kwa sababu mshahara wa kule haukutosha ada yako na dawa za bibi yako. Ulikuwa na miaka tisa, umesimama na sare ya shule, hukulia, na kutolia kwako ndiko kulikonimaliza. Nilikuwa na simu ya kukupigia kila Ijumaa. Kenojuak hakuwa nayo. Lakini kila nikifika kwenye ile miaka mitatu najua nusu dakika ya ile miaka ilikuwaje, na nusu dakika inatosha.

Hospitalini walimfundisha kushona wanasesere na kazi ya shanga. Alirudi kambini na mikono iliyozoea vitu vidogo. Kulikuwa na mtu anaitwa James Houston, mzungu aliyeishi Cape Dorset na kuwahimiza watu wachonge na kuchora. Kenojuak alikuwa na mfuko wa ngozi ya sili, na juu yake alikuwa ameshonea maumbo ya ngozi aliyoyakata mwenyewe. Umbo hilo likageuzwa kuwa picha yake ya kwanza ya kuchapwa. Unajua ni picha ya nini? Sungura anakula mwani. Mwani, mwanangu! Si aina ile wanayolima kina mama wa Tanga na Unguja wakiwa majini mpaka magotini, lakini ni mwani. Nilipoelewa hilo nilihisi mtu amenigusa bega.

Akapewa karatasi na penseli, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza pale kuchora. Bundi wetu ni wa mwaka 1960. Kenojuak alichora tu. Kuchapa kulikuwa kazi ya mafundi wa ushirika wao, ulioanzishwa 1959. Ufundi wenyewe Houston alikwenda kujifunza Japani mwaka 1958. Fundi husawazisha jiwe, hunakili mchoro juu yake, halafu huchonga na kutoa kila mahali pasipotakiwa wino, ubaki mchoro peke yake umeinuka. Hupaka wino kwa rola, hutandika karatasi nyembamba ya Kijapani, husugua kwa mkono bila haraka. Bibi alisema ndani ya karakana watu hunyamaza karatasi inapoinuliwa. Nakala zilikuwa 50 tu, nyingine zina mkia mwekundu, nyingine wa kijani. Wetu ni mwekundu.

Mwaka 1970 bundi huyo akawekwa kwenye stempu ya senti 6. Mwanamke aliyezaliwa kwenye nyumba ya theluji, barua za nchi nzima zikawa zinasafiri na ndege wake. Alipewa nishani kubwa ya Kanada mwaka 1967, ilipoanzishwa. Filamu ilitengenezwa juu yake, na kwa malipo ya filamu hiyo mumewe akanunua mtumbwi wake mwenyewe wa kuwindia. Hilo la mtumbwi ndilo nilipendalo kuliko yote. Mwaka 2018 nakala moja ya bundi iliuzwa mnadani kwa dola 216,000. Hilo ni la matajiri. Bundi wake mwingine yuko kwenye noti ya dola 10 iliyotolewa mwaka 2017, Kanada ilipotimiza miaka 150. Nimekuhifadhia moja. Ni ya plastiki, haichakai, nitampa atakayekuja huko.

Watu walipomuuliza maana ya ndege wake, siku zote alijibu kwamba anatafuta kutengeneza kitu kizuri, basi. Wasomi hawakuridhika wakaendelea kuuliza, na yeye akaendelea kujibu hivyohivyo. Mimi namwelewa. Mtu aliyezika watoto saba akikwambia anataka kitu kizuri, amekwambia yote.

Lakini swali lako nililiuliza mimi kabla yako. Siku moja mkalimani akiwepo nilimnyooshea bibi kalenda nikasema: "Kwetu ndege huyu akilia juu ya paa tunajua kuna msiba. Ninyi hammwogopi?" Mkalimani akatafsiri. Bibi hakutamka neno. Alikunja pua.

Kisha akaeleza. Bundi wa kwao, ukpik, ni mweupe, anaonekana mchana. Wakati wa kiangazi usiku hauingii giza kamili wiki kwa wiki, naye anakaa juu ya kilima kidogo kwenye uwanda mtupu, unamwona toka mbali, kitu pekee chenye umbo. Mtoto huambiwa akipotea aangalie alipo bundi. Sijui kama mambo haya ni ya Wainuit wote au ni ya kambi yake. Ninakuandikia alivyosema yeye.

Siku ya mwisho mkalimani alichelewa, tukawa tunangoja. Bibi akanionyesha picha za wajukuu mmoja mmoja, halafu akaninyooshea kidole kifuani: na wewe? Nikafungua simu nikamwonyesha ile picha yako ya kuhitimu darasa la saba, umevaa soksi nyeupe. Mkalimani alipofika, swali lake la kwanza halikuwa la dawa. Aliuliza: "Mtoto huyu ana jina la nani?"

Kwao jina si la kuitia tu. Kenojuak alipewa jina la babu yake mzaa mama aliyekuwa amekwisha kufa, na upendo na heshima waliyokuwa wakimpa mzee yule vikahamia kwa mtoto. Mama anaweza kumwita binti yake "baba" na asione ajabu yoyote. Nikamwambia: sisi pia. Nikamwambia una jina la mama yake mama yangu, na kwamba mama yangu tangu siku ya arobaini yako hajawahi kukuita kwa jina, anakuita "mama". Mama njoo ule. Mama umeoga? Mama usipande mwembe huo.

Bibi alisikiliza mpaka mkalimani akamaliza. Akainua nyusi. Akakaa kimya kidogo akiitazama simu, kisha akasema jambo fupi, na mkalimani, kijana wa watu, akasita kabla ya kulitafsiri. Alisema: "Basi mama yako anaishi na mama yake. Ni wewe uliyebaki peke yako huku."

Ndipo akafungua kalenda, akaichana karatasi ya Desemba taratibu kwa kufuata mkunjo, akanipa.

Walimrudisha kwao kesho yake asubuhi, na zamu yangu ilikuwa usiku. Machi 2019 nilikuwa chumba cha mapumziko, televisheni ikamwonyesha Waziri Mkuu Trudeau yuko Iqaluit anawaomba Wainuit radhi kwa yale ya kifua kikuu, na wakatangaza mradi wa kuwasaidia watu kuyapata makaburi ya ndugu zao waliofia huku kusini. Unaitwa Nanilavut, maana yake "tuwatafute". Nilimtafuta bibi yangu kati ya wazee waliokaa mstari wa mbele. Sikumwona; pengine hakuwepo, pengine hakuwa hai.

Kwa hiyo bundi sitamtoa, mwanangu. Alikuwa ukutani chumba nilichopanga na Wafilipino wawili, alikuwa ukutani usiku uliponipigia kunieleza kuhusu bibi yako, na ni kwake nilikotazama simu ilipokatika. Ukija na mtoto mtalala chumba cha ndani, hatamwona usiku. Asubuhi nitamwonyesha mwenyewe.

Nisalimie mkwe wangu. Ile picha ya soksi nyeupe imepotea na simu ya zamani; ukiwa nayo nitumie.

Mimi mama yako,
Ottawa